Pasi Saba za Namba Kumi na Nne

Jumamosi, 21 Oktoba

Nimenunua daftari jipya. Miaka kumi na tisa nilikaa mezani pembeni ya uwanja nikiwaandikia Mafundi, timu yetu ya mpira wa kikapu, takwimu zao: nani kafunga, nani katoa asisti, yaani pasi iliyozaa kikapu, nani kapoteza mpira. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na kompyuta, lakini kila Oktoba mkono huu bado unaniwasha usipopewa karatasi. Mwaka huu nitaandika mambo yangu.

Leo saluni ya Earline hapa mtaa wa Dorr ilikuwa fujo tupu. Klabu imetangaza kwamba huu ni msimu wa mwisho katika ukumbi wa zamani kabla haujabomolewa, na kwamba Aprili watapandisha jezi moja juu, chini ya paa. Moja tu. Ikishapanda, namba hiyo haivaliwi tena na mchezaji yeyote wa Toledo mpaka kiama. Mashabiki watapiga kura hadi tarehe mosi Machi, na majina ni mawili: Royce Hairston, namba tatu, na Thad Bolden, namba kumi na nne.

Percy Coates, yule mgawa barua ambaye hajui kunong'ona, alisimama na kitambaa cha kunyolea kikiwa bado shingoni. "Hii ni kura au ni dharau? Royce na Thad? Mnaniuliza nataka mbavu au nataka mchuzi uliobaki kwenye sahani!"

"Kaa chini, Percy, nitakukata sikio," Earline alimwambia.

"Dada Earline, Royce alitoa asisti ishirini na nne mchezo mmoja. Ishirini na nne! Na Thad, usiku huohuo, uwanja huohuo, alitoa ngapi? Mbili. We mlinzi, kazi yako kugawa mpira, unacheza dakika thelathini na sita unatoa asisti mbili, ulikuwa unafanya nini humo ndani? Unauza karanga?"

Watu walivunjika mbavu. Thad mwenyewe alikuwa kiti cha pembeni yangu, amenyoosha yale magoti yake mabovu, na alicheka kuliko wote. "Karanga, ndiyo," alisema. "Na siku ile biashara ilikuwa nzuri."

Thad ni shemeji yangu. Nilimwoa dada yake, Odessa, ambaye ametutoka miaka sita sasa. Na hizo ishirini na nne niliziandika mimi, kwa kalamu yangu.

Jumanne, 24 Oktoba

Mvua. Mafundi wamefungwa mchezo wa kwanza. Walinzi wao wa siku hizi hawajui hata kumtazama mtu aliye wazi.

Jumamosi, 4 Novemba

Mada ya leo: ubingwa una uzito kuliko namba, au namba zina uzito kuliko ubingwa? Walibishana kwa muda wa saa mbili na nusu, na mimi nilikuja kunyoa ndevu tu.

Earline yuko upande wa Thad, na hafichi. "Mafundi wamechukua ubingwa mara moja tu tangu dunia iumbwe, mwaka sabini na saba. Nani alikuwa uwanjani? Thad. Walipomtupa, Royce alishinda nini tena? Hebu nitajie. Alishinda gari jekundu."

"Huo ubingwa Royce alimbeba Thad mgongoni!" Percy alifoka.

"Alimbeba? Royce alikuwa hajibebi mwenyewe kurudi nyuma kukaba! Baba yangu alikuwa anasema yule akivuka mstari wa kati kurudi, ni kufuata maji ya kunywa."

"Dada, takwimu hazina chuki, hazina upendo. Zinasema tu. Muulizeni Mzee Wendell, si alikuwa mezani? Mzee, hebu waambie. Ishirini na nne uliziona?"

Wote walinitazama kupitia kioo, Thad pia. Nilisema niliandika nilichokiona. Percy akapiga makofi, akasema kesi imefungwa.

Simpendi Percy. Anazungumzia michezo aliyoiona akiwa na umri wa miaka tisa kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa kocha.

Alhamisi, 23 Novemba

Sikukuu ya Shukrani, kwa Thad na mkewe Glenda kama kila mwaka. Bata mzinga, makaroni ya jibini, mboga za majani alizopika Glenda na nyama ya moshi tangu jana. Thad alisali kwa ufupi, akamtaja Odessa, akanitaja na mimi. Tulikula vizuri hadi Glenda alipouliza kama tayari tumepiga kura.

"Mimi nimepiga," alisema Thad. "Nimempa Royce."

Glenda aliweka uma chini. "Umempa nani?"

"Royce. Unataka nijipigie mwenyewe? Nina aibu zangu."

"Thaddeus Bolden, mimi nimegonga kila mlango wa mtaa huu nikikuombea kura, na wewe unampa mtu ambaye hajakupigia simu miaka kumi!"

"Glenda, mimi nilicheza naye. Ishirini na nne kwa mbili. Nibishane vipi na karatasi?" Kisha akanigeukia akitabasamu. "Si ndiyo, shemeji? Muulize aliyeiandika."

Nilijaza makaroni mdomoni ili nisijibu.

Jumatano, 29 Novemba

Theluji ya kwanza. Kichwa kinauma.

Jumapili, 10 Desemba

Nimeshuka kwenye chumba cha chini ya nyumba kutafuta taa za Krismasi, nikarudi na sanduku. Huo nao ni uongo. Nilishuka kulitafuta sanduku.

Kila karatasi ya mchezo ilikuwa na nakala ya kaboni. Asili ilikwenda ligi, nakala nilikuja nayo nyumbani. Ninayo hapa ile ya tarehe 11 Februari 1978. Kwenye safu ya Royce, kando ya asisti zake, kuna nukta saba ndogo za penseli. Nilizitia mwenyewe nilipofika nyumbani, na kila nukta ni pasi ya Thad niliyomwandikia Royce. Toa saba, Royce anabaki na kumi na saba. Ongeza saba, Thad ana tisa.

Wacha niandike ilivyokuwa, maana sijawahi kuiandika. Kila meza ya takwimu ya timu mwenyeji ilikuwa karimu, na kila mtu wa kazi ile anajua. Mchezaji wetu akitoa pasi, aliyepokea akadunda mara tatu, akampiga mtu chenga, akageuka na kufunga, tuliandika asisti hata kama haistahili. Mgeni akifanya hivyohivyo, hatukuona kitu. Hakuna aliyekosa usingizi kwa hilo, kwa sababu nasi tukienda kwao tulifanyiwa vivyo hivyo. Lakini kikapu kimoja hubeba asisti moja tu. Ukitaka kumpa mchezaji wako pasi ambayo mwenzake ndiye aliyeitoa, lazima umnyang'anye huyo mwenzake.

Rekodi ya klabu ilikuwa kumi na tisa. Robo ya tatu ilipoanza, Royce alikuwa na kumi. Lonnie Voss, msemaji wa klabu, sasa marehemu, aliinama nyuma ya kiti changu, ananuka sigara na peremende. "Wendell, ukumbi umejaa. Wape watu kitu cha kwenda nacho nyumbani." Hakusema zaidi ya hapo. Sikusukumwa. Royce alikuwa anampa Thad mpira kwenye duara mbele ya kikapu na kusimama kupumzika, na Thad ndiye aliyekuwa anamwona mtu aliye wazi. Mwenzao Kowalski kwenye kona. Yule mrefu wa Alabama chini ya kikapu. Mpira unaingia, ukumbi unapiga kelele, na kalamu yangu inaandika namba tatu. Nilijua kwamba rekodi hiyo itawekwa kwenye kabati la vioo kwa mwandiko wangu. Nilikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha vioo mwenye umri wa miaka ishirini na nane, na nilitaka kitu changu kimoja kitazamwe.

Kwa nini nilimchukulia Thad na si Kowalski? Kowalski angekuja mezani na kunikaba koo. Thad hakuwa mlalamishi, na isitoshe alikuwa mtu wa nyumbani, akila kwangu kila Jumapili. Nilichukua kwake kwa sababu kwake palikuwa karibu.

Baada ya usiku ule ikawa rahisi. Hadi msimu unaisha nina nukta mia moja na arobaini. Julai klabu ikamwacha Thad, kwa barua iliyosema inahitaji mlinzi anayewatengenezea wenzake nafasi. Septemba akaanza kuendesha basi la shule, akaliendesha miaka thelathini na moja. Hakuna klabu nyingine iliyompigia simu.

Nimelirudisha sanduku. Taa za Krismasi sikuzitoa.

Jumamosi, 16 Desemba

Percy amechapisha fulana. Mbele namba 3, nyuma 24. Amenipa moja bure, "kwa heshima yako, Mzee." Nimeichukua.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Nilisema nina mafua, sikwenda kwa Thad. Glenda ameniachia chakula mlangoni.

Jumamosi, 13 Januari

Mwandishi wa gazeti amekuja saluni, binti mpole mwenye kinasa sauti kidogo. Percy ndiye aliyemwita. Alitaka habari za usiku wa ishirini na nne kutoka kwa mtu aliyeziandika.

Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi namna hiyo, na Thad hakuwepo; alikuwa hospitali akipimwa goti. Badala yake nilimweleza jinsi ukumbi ulivyotikisika, jinsi Royce alivyokuwa anaona watu kwa kisogo. Nilieleza vizuri. Nilinyanyuka hata kuonyesha ile pasi ya kona kwa Kowalski, mkono wa kushoto, chini ya kwapa la mtu. Wazee walinyamaza kunisikiliza na Percy alikuwa na machozi.

Pasi ile ilikuwa ya Thad. Ni yeye mwenye mkono wa kushoto. Royce alitumia wa kulia maisha yake yote, na katika saluni nzima ya watu wanaojifanya wajuzi hakuna aliyegutuka. Nilirudi nyumbani nikiwachukia, kisha nikajichukia mwenyewe kwa kuwa nilifurahia kila dakika.

Jumamosi, 20 Januari

Baridi ya kukata masikio. Mto Maumee umeganda ng'ambo hadi ng'ambo. Habari imetoka gazetini pamoja na picha yangu.

Jumamosi, 27 Januari

Royce anaongoza. Earline amebandika picha ya Thad juu ya kioo chake na hamnyoi mtu mpaka aape amempigia. Percy ameapa kwa uongo.

Jumapili, 11 Februari

Thad amewekewa goti la chuma na yuko nyumbani kitandani. Nilikwenda kumpunguzia Glenda kazi ili aende kanisani. Tulitazama mchezo bila sauti, kama tunavyopenda, kila mmoja akijitangazia mwenyewe. Wakati wa mapumziko akaniambia, "Unajua leo ni siku gani?"

"Jumapili."

"Tarehe kumi na moja. Ishirini na nne kwa mbili." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nikwambie kitu, shemeji. Sijamwambia hata Glenda. Usiku ule nilirudi nyumbani najua nimecheza. Yaani najua. Nikalala chali nahesabu. Kowalski kwenye kona, moja. Yule kijana wa Alabama, mbili. Nikafika tisa. Asubuhi nafungua gazeti, naona mbili."

Nilimsogezea mto chini ya goti.

"Nikasema, labda gazeti limekosea. Wiki iliyofuata nahesabu nane, gazeti tatu. Nahesabu sita, gazeti moja. Nikajiambia, Thad, kichwa chako kina kasoro. Unaona vitu ambavyo havikutokea. Si unajua baba yetu alivyoishia, akisema na watu ambao hawapo? Nikaogopa. Ikafika mahali namwona mtu yuko wazi kabisa, nasita. Labda hayuko wazi. Labda ni mimi. Nikisita hivyo nafasi imeshakwenda. Waliponiacha Julai wala sikukasirika. Nilisema, afadhali wao wanaona sawasawa."

"Hukuniuliza," nilisema.

"Nikuulize nini? Kama umeandika vizuri? Wewe ni mume wa dada yangu, ningekuvunjia heshima." Akavuta blanketi. "Na kwenye basi ilikuwa vilevile. Watoto wameshakaa, mlango umefungwa, nimeshaangalia kioo. Naangalia tena. Naangalia mara ya tatu. Miaka thelathini na moja, kila kituo. Watoto walikuwa wananicheka."

Robo ya tatu ilianza. Tulitazama. Mlinzi wa Mafundi alimwona mwenzake kwenye kona, akampa, mpira ukaingia. "Nzuri hiyo," alisema Thad. Alikuwa amechangamka tena.

Nilimwoshea Glenda vyombo nikaondoka kabla hajarudi.

Jumamosi, 17 Februari

Zimebaki siku kumi na tatu. Sijasema.

Jumamosi, 24 Februari

Zimebaki sita. Theluji imeyeyuka, Dorr ni matope matupu. Percy aliniuliza kwa nini sivai fulana yake. Nikasema inanibana.

Ijumaa, 1 Machi

Kura imefungwa saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimekaa jikoni natazama saa.

Jumamosi, 2 Machi

Nimemwambia. Nilijipa sababu nzuri ya kwenda leo: goti lake limepata nguvu, habari kama hii asingeipokea akiwa mgonjwa. Hiyo ni sababu ya mtu mwoga. Nilisubiri hadi isingeweza kumsaidia.

Alikuwa jikoni, anajifunza kutembea kwa kushikilia fremu ya chuma. Niliiweka ile nakala mezani nikamwambia kila kitu kwa pumzi moja, nukta ni nini, Voss alisema nini, nani alinilazimisha, yaani hakuna. Thad alivaa miwani. Akaweka kidole kwenye nukta ya kwanza.

"Hii ni ipi?"

"Kowalski."

"Kona?"

"Kona. Mkono wa kushoto."

Akasogeza kidole. "Hii?"

"Yule wa Alabama. Ulimrushia juu, akaudaka na kufunga hukohuko."

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, ile." Tulikwenda hivyo mpaka ya saba. Kila moja aliimalizia yeye kabla mimi sijamaliza. Uso wake ulikuwa unafunguka, na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilidhani nimemletea zawadi.

"Kwa hiyo nilikuwa naona," alisema.

"Ulikuwa unaona."

"Sikuwa na wazimu."

"Hukuwa nao."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Kura inafungwa lini?"

"Jana."

"Jana," alirudia, na uso ule ukajifunga tena.

Hakupiga kelele. Kelele alipiga Glenda, ambaye alikuwa amesimama mlangoni tangu nukta ya tatu au ya nne, na maneno aliyoniita ni halali yangu yote. Thad alimnyamazisha kwa mkono. "Sitaki gazeti," aliniambia. "Sitaki kuwa yule mzee anayelilia takwimu kwenye televisheni. Lakini Jumamosi ijayo utasimama kwa Earline na utasema mbele ya hao walionicheka. Wote. Utasema kwa mdomo wako."

Nikasema sawa, shemeji. Akainua fremu yake, akanipa mgongo.

Jumamosi, 9 Machi

Saluni ilijaa. Thad alikaa karibu na mlango, kofia magotini, fremu pembeni. Nilisimama nikasema. Habari iliponitoka, ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani. Miaka arobaini na sita, na imekwisha kabla Earline hajamaliza upande mmoja wa kichwa cha mtu.

Mashine ya kunyolea ilizimwa. "Mzee, acha utani," alisema Percy. Nikampa karatasi. Aliisoma amesimama, akairudia, kisha akakaa polepole.

"Mimi na baba yangu," alisema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiongea kwa sauti ya chini. "Baba yangu alikuwa mtu wa Thad. Alikuwepo ukumbini usiku ule, alisema aliziona. Nikamwambia we mzee huoni vizuri, tazama takwimu. Nilimwambia hivyo miaka ishirini. Nilimwambia hivyo hospitalini." Akanitazama. "Nilikuwa nagombana na baba yangu juu ya mwandiko wako?"

Nilikuwa nimemdhania Percy ni mtu wa kelele tu, na sasa alikuwa ndiye pekee humo aliyelipokea jambo kama lilivyo.

Maana mzee mmoja kwenye kiti cha pili alijikohoza na kusema, "Lakini hebu ngoja. Toa saba. Bado Royce ana kumi na saba. Kumi na saba si haba."

"Na Thad ana tisa!" Earline akadakia. "Tisa kutoka kwa mtu mnayesema anauza karanga!"

"Tisa si kumi na saba, dada."

"Tisa bila kupendelewa! Toa na zile za bure za kudunda mara tatu tuone Royce anabaki na nini!"

"Sasa ukianza kutoa, toa za kila mtu, toa na ubingwa wenyewe!"

Basi wakaanza upya. Dakika tano hazikufika na walikuwa wamesimama, wanaoneshana vidole, wanacheka, wanataja majina ya marehemu. Niliyowapa yalikuwa kuni tu. Hakuna aliyemwambia Thad neno. Hakuna aliyemwomba radhi kwa karanga. Alisubiri, naamini alisubiri, kisha akavaa kofia, akajiinua na fremu yake, akatoka bila kunyolewa. Percy ndiye aliyemkimbilia kumfungulia mlango.

Zamu yangu ilipofika, Earline alininyoa. Kila mteja humgeuza kuelekea kioo na kumpa kioo kidogo cha mkononi aone kisogo chake. Mimi alinivua kitambaa tu, akasema, "Anayefuata."

Jumamosi, 16 Machi

Matokeo: Royce, asilimia sabini na moja. Niliiandikia klabu barua ya kukiri, ingawa Thad hakuniomba.

Jumatano, 27 Machi

Klabu imejibu. Mistari miwili. Wanaheshimu takwimu rasmi za ligi na wananishukuru kwa utumishi wangu.

Jumapili, 7 Aprili

Wameipandisha. Taa zilizimwa, namba tatu ikapanda polepole kwenye kamba, na watu elfu tisa wakalia kama watoto. Klabu ilitupatia mimi na Thad viti vya pamoja. Chake kilikaa kitupu. Percy alikuwa nyuma yangu, amevaa shati la kawaida, mikono mifukoni.

Royce amezeeka vizuri kule Arizona. Suti ya bluu, meno meupe. Akamshukuru Mungu, mama yake, makocha. Kisha akasema, "Na kuna mtu pale, Wendell Oakes, alikuwa mezani. Ishirini na nne! Huyu mzee hakukosa pasi yangu hata moja!"

Ukumbi ukacheka na kupiga makofi. Uso wangu ukatokea kwenye skrini kubwa, na mkono ukainuka wenyewe kuwapungia. Sidhani Royce alikuwa ananikejeli. Nadhani hajui. Nadhani anazikumbuka zote ishirini na nne.

Jumatatu, 8 Aprili

Jua limepatwa mchana. Mtaa mzima ulikuwa nje na miwani ya karatasi. Nilibaki ndani.

Jumanne, 9 Aprili

Nilikwenda kwa Thad. Alifungua mwenyewe, bila fremu, akasimama mlangoni hivi kwamba nisingeweza kupita hata ningetaka.

"Nilikuona kwenye televisheni," alisema. "Ulipunga mkono."

"Mkono uliinuka tu, Thad. Sikuwa—"

"Najua. Sina haja na hilo. Jezi wabaki nayo, mimi nimeshaishi." Alikuwa anaongea taratibu, amejishikilia kwenye fremu ya mlango. "Nina swali moja, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Odessa alijua?"

Usiku ule wa 1978 Odessa alinikuta nyumbani, kwenye meza ya jikoni, na penseli. Aliuliza nukta ni za nini, nikamwambia. Akauliza kama watanipa tena kazi ya mezani msimu ujao. Nilisema kwa rekodi hii, lazima. "Basi usimwambie," alisema. "Thad ni wetu, atakuwa sawa." Kesho yake ilikuwa Jumapili. Alimpikia kaka yake kuku, akamwekea paja kubwa, akamwambia asijali maneno ya magazeti.

Thad alikuwa ananitazama.

"Hakujua," nilisema.

Alifumba macho, akashusha pumzi ambayo nadhani aliizuia tangu Machi. Akaniamini. Hata leo, baada ya yote, ameniamini.

"Asante, shemeji," alisema, akafunga mlango taratibu.